Mtani Sikioni mwa Mbwa

Waliohudhuria baraza kando ya lambo la Nyamigota, mwaka ule mvua za vuli zilipokatika kabisa, ni hawa. Simba, Mfalme, aliyekaa juu ya kichuguu ili asilingane na mtu. Pundamilia, aliyewawakilisha wala nyasi wote na hakusema neno. Kobe, aliyefika kwa ajili ya baraza la mwezi uliopita. Sungura, aliyekaa karibu na njia ya kutokea. Kanga, yule ndege wa madoadoa, pamoja na ukoo wake wote, maana Kanga haendi mahali peke yake. Fisi, aliyeuliza kabla ya salamu kama kutakuwa na chakula. Mbwa, mlinzi wa lambo. Na nyuma ya shingo ya Fisi, mdogo kama mbegu ya mchicha, Kupe. Huyu ni kupe wa kahawia, apendaye mbwa, wala si yule wa ng'ombe, watu huwachanganya.

Maji yaliyobaki lamboni yalitosha kila mnyama anywe mara moja kwa siku, kwa zamu. Kazi ya kusimamia zamu alipewa Mbwa, kwa ajili ya pua yake na sauti yake. Mbwa alikuwa amehamia porini kutoka kijijini. Porini hakuwa na ukoo, wala pango. Alikuwa na kazi hiyo tu, na aliipenda hata akawa anabweka usingizini.

Fisi alimchukia kwa moyo wote. Fisi alitaka kunywa mpaka tumbo liwambike kama ngoma, kisha aoge, kisha anywe yale aliyoogea.

"Mfalme," alisema Fisi, "nimeleta mgeni. Huyu anaitwa Kupe. Ni mtani wa Mbwa."

Mbwa aliinua masikio. "Mtani wangu mimi?"

"Wako wewe. Babu yake na babu yako walipigana vita zamani, wakapatana, wakawekeana utani. Kila mtu anajua."

Wote wakatikisa vichwa kukubali, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa peke yake asiyejua.

Desturi ya utani ilikuwa wazi. Mtani huja bila kuitwa. Huwa anakutukana mbele ya wakwe zako, huvaa kofia yako, hula chakula chako, nawe hucheka. Ukikasirika, utasemwa kuwa huna malezi, na habari zako zitasimuliwa kwenye kila msiba.

"Hujambo, pua mbichi!" alisema Kupe kwa sauti nyembamba. "Huo mkia wako unamsalimia nani huko nyuma?"

Baraza zima likacheka. Mbwa akacheka kuliko wote, maana aliogopa wasije wakasema watu wa kijijini hawajui mzaha.

"Karibu, mtani. Kaa popote upendapo."

"Nitakaa sikioni mwako," alisema Kupe, "nisikie unavyonisema." Akaingia.

"Desturi ni desturi," alitangaza Simba. "Mtani asiguswe."

"Mfalme," alisema Sungura taratibu, "naona na wewe una mtani, hapo nyuma ya sikio."

"Hiyo ni nishani," alisema Simba, akalifunika sikio kwa manyoya.

Usiku haujaingia, Kupe akaanza. "Mtani, nina kiu."

"Zamu yako ya lamboni ni kesho, baada ya—"

"Nani kataja maji?" alisema Kupe, akang'ata.

Mbwa alicheka huku machozi yakimtoka. Siku zilizofuata Kupe akawaita jamaa zake. Wakakaa katikati ya vidole vya Mbwa, kwapani na chini ya mkia, na kila aliyefika alitanguliza tusi. Mbwa alijitahidi kwa adabu kushika majina yao, akashindwa. Kupe naye alikua. Akawa kama punje ya mtama, akawa kama kunde, kisha kama harage la kijivu ambalo miguu yake haigusi chini.

Ndipo mwili wa Mbwa ukawaka homa. Pua yake, iliyokuwa mbichi siku zote, ikakauka. Alikataa chakula, hata mfupa uliotoka mezani kwa Mfalme. Miguu ya nyuma ilipepesuka, na asubuhi moja damu ilimdondoka puani.

"Mtani," alisema Mbwa, "nadhani sijisikii vizuri."

"Kumbe na wewe unajua utani!" alisema Kupe, akacheka, akaendelea kunywa.

Fisi alipokuja lamboni, Mbwa alifungua mdomo abweke. Ilitoka kwikwi.

"Zamu yako... bado," alisema Mbwa.

"Pumzika, ndugu yangu, usijichoshe," alisema Fisi, akijitumbukiza majini mpaka mabegani. "Hebu niambie, ungependa uzikwe upande gani wa lambo? Siulizi kwa ubaya. Nayatazama mapaja yako tu."

Mbwa alilala ubavu. Alijua kwamba mlinzi asiyebweka atafukuzwa kazi, na kazi yake ilikuwa inamponyoka. Alijua pia, kwa jinsi moyo ulivyompiga, kwamba huenda asiishi hata kufukuzwa. Na kilichomuuma zaidi ni aibu ya kufa kwa utani.

Siku hiyohiyo Sungura alikuja kuiba maji, kama kawaida yake. Alinyata, akajificha, akanyata tena, akafika lamboni bila kusikia sauti yoyote. Akakasirika.

"Mbwa! Nimenyata tangu kule kwenye mgunga, hata hukunibwekea. Unanivunjia heshima."

"Nisamehe, Sungura. Mwili hauna nguvu."

Sungura alimwinua mdomo akautazama ufizi wake. Ulikuwa mweupe kama majivu. "Mbwa wengi kule kijijini nimewaona hivi, siku ninazokwenda kukagua bustani za watu. Hii ni homa ya kupe. Anakunywa damu, na huku anakunywa anakutemea ugonjwa. Mwambie atoke."

"Siwezi. Ni mtani wangu. Nitaonekana sina malezi."

"Utaonekana maiti."

"Lakini maiti mwenye malezi."

Sungura akauachia mdomo wa Mbwa. "Haya," alisema. "Basi tutamtoa kwa malezi."

Asubuhi iliyofuata baraza lilikutana tena. Kobe hakuwa amekwenda mbali. Sungura alisimama, akainama mbele ya kichuguu.

"Mfalme, nimeleta mgeni, ingawa mnamjua. Ni Kanga. Yeye ni mtani wa Kupe."

"Hujambo, tumbo lisilo na shingo!" aliita Kanga.

Baraza likaangua kicheko. Ndani ya sikio la Mbwa, Kupe alitetemeka.

"Simjui huyu!" alilia Kupe. "Sijawahi kumwona!"

"Babu yangu na babu yako walipigana vita," alisema Kanga. "Babu yangu alishinda. Haya, mtani, nimekuja kukuchukua twende kwangu kula."

"Kula au kuliwa?" aliuliza Kobe.

"Hayo ni ya watani wenyewe," alisema Sungura. "Sisi wengine kazi yetu ni kucheka."

Fisi aliruka katikati, manyoya yamemsimama. "Uongo! Kupe hana utani na Kanga!"

"Unajuaje, Bwana Fisi?" aliuliza Sungura.

"Najua kwa sababu hana utani na mtu yeyote! Huo wa Mbwa niliutunga mimi mwenyewe, palepale, nikiwa na kiu!"

Fisi aliyasikia mwenyewe maneno yake yakimfikia masikioni.

"Natania," alisema Fisi.

Hakuna aliyecheka. Simba alisimama juu ya kichuguu. "Mfalme hadanganywi," alisema. "Nilijua tangu mwanzo. Nilikuwa nawapima. Fisi, kuanzia leo mpaka mvua zinyeshe, utakunywa wa mwisho kila siku, baada ya Kobe."

Fisi aligeuka kumtazama Kobe. Kobe alikuwa amekwisha kuinua mguu mmoja kuelekea majini, na alikuwa anafikiria mahali pa kuuweka. Fisi akaanza kulia.

"Mfalme!" aliita Kupe. "Kama utani wa kwanza ni uongo, na huu pia ni uongo!"

"Ule uliufurahia," alisema Simba. "Desturi ni desturi. Mtani asiguswe isipokuwa na mtani wake."

Kanga alimwendea Mbwa, akaingiza mdomo sikioni mwake kwa upole, akamtoa Kupe, akaenda naye nyuma ya kichuguu huku akimwuliza habari za nyumbani. Ukoo wa Kanga ukafuata kuwakaribisha jamaa waliokuwa vidoleni na kwapani. Mbwa alitekenywa, akacheka, na safari hii alicheka kweli. Simba alisogeza manyoya kidogo kuificha nishani.

"Usidhani umepona," Sungura alimwambia Mbwa. "Kupe ametoka, ila alichokutemea kimo damuni. Nenda kijijini kwa bwana mifugo. Akikupa dawa, meza zote mpaka ziishe, hata ukijiona mzima."

"Na kazi yangu?" Mbwa alimwuliza Mfalme.

"Itakungoja. Pundamilia atasimamia zamu." Pundamilia hakusema neno.

Baraza likapatana kwamba tangu siku hiyo anayedai utani aeleze kwanza yeye mwenyewe anatoa nini, kabla hajaanza kuchukua. Mbwa akainuka, miguu inamtetemeka, akaomba angalau amuage mtani wake, kwa kuwa alikuwa na malezi.

Kanga akatokea nyuma ya kichuguu, peke yake.

"Kupe amefariki," alisema.