Mama wa Mtemi

Wajanja wote mnaowajua ni wanafunzi tu wa Kalunde. Mtemi Kasonda alipoagiza aletewe binti wa Kalunde akatwange mahindi ikulu mpaka aolewe, Kalunde alimpeleka mwenyewe, bila hata kununa.

"Anaitwa nani?" akauliza mlinzi, mgeni kutoka pwani.

"Ng'wanzalima," Kalunde akajibu.

"Haya, Mwanzarima, shika mchi!"

Mtemi akaruka kitini. "Mpumbavu! Usilivunjevunje jina la marehemu mama yangu!"

"Wengi hulivunja, Mtemi," Kalunde akasikitika. "Sasa huyu mama yako nimwonyeshe kinu kilipo?"

Mtemi akamwamkia binti kwa heshima, akampa kuku wawili, akaamuru arudishwe kwao.

Njiani binti akauliza, "Mama, kwani mimi si Tausi?"

"Ulikuwa Tausi mpaka tulipofika mlangoni. Shika kuku vizuri."