Damu ya Sekela

Wapokezanao ndio wafikao. Mmemsikia mkunga akiwaambia hivyo wauguzi wapya, nanyi mnaniuliza neno hilo limetoka wapi. Kaeni niwaeleze, maana lilizaliwa nikiwepo, wakati nikiwa daktari wa wodi ya wazazi katika hospitali yetu hii ya milimani.

Tulikuwa na fundi wa kompyuta, binti aitwaye Tusekile. Alitutengenezea mfumo wa kutafuta damu mama anapozidiwa. Hakuunda kila kitu mwenyewe. Aliunganisha huduma zilizokuwa tayari mtandaoni, kila moja ikiwa na wenyewe wake. Moja ilijua hospitali ipi ina damu, ya pili ilionyesha njia, ya tatu iliita pikipiki. Kwa kila kazi alichagua ile iliyosifika kuliko zote.

Mchana mmoja wa masika, mama mmoja aitwaye Sekela alijifungua, damu ikakataa kusimama. Damu ya kundi lake ilikuwa imetuishia. Tusekile akauwasha mfumo, na mara ikaonekana kwamba hospitali ya bondeni inayo. Kisha kimya. Huduma ya njia ilichora ramani za kupendeza, lakini mvua ilikuwa imelegeza mtandao, ramani zikawa nzito kufika. Ile ya kuita pikipiki, kwa wepesi wake uliosifiwa, haikusubiri. Ikafuta safari. Akajaribu tena, ikafuta tena.

“Wapigie simu,” nikamwambia.

“Sauti haipiti, Daktari. Ni ujumbe tu unaopenya.” Akaitazama tena safari iliyofutwa. “Nilichagua hodari, sikuangalia kama wanangojana.”

Akaziondoa zote mbili. Mahali pazo akaweka huduma ya njia isiyo na picha, maneno matupu, ambayo katika majaribio yake haikuwahi kunyamaza wakati wa mvua. Na nyingine ya kuita pikipiki, ya taratibu, isiyochoka kungoja jibu.

Tukatazama kioo cha kompyuta, ujumbe ukaingia mmoja mmoja. Damu imetengwa. Darajani hapapitiki, pitia shamba la chai. Pikipiki imeondoka.

Nilisimama nimeduwaa. Huduma hizo zilikaa katika mashine za nchi mbalimbali, zimeundwa na watu wasiojuana wala wasiomjua Sekela, nazo zilikuwa zikipeana roho yake mkono kwa mkono, juu ya mvua na milima.

Damu ilifika Sekela angali anapumua. Mama yake, Bibi Mbonile, alipoona rangi ikirudi midomoni mwa bintiye, alimshika Tusekile mkono.

“Mwanangu, ni nani aliyeileta?”

“Si mmoja, bibi. Mmoja alijua ilipo, mwingine akajua njia, mwingine akamwita wa kuibeba.”

“Na hodari wao ni yupi?”

“Hayupo. Hodari wawili niliwatoa, maana hawakungojana.”

Bibi akautazama mfuko ukidondosha tone baada ya tone. Kisha akasema polepole, “Kumbe wapokezanao ndio wafikao.”