Koki ya Ubavuni

Mtu mmoja alikuwa na trekta moja na wana wawili. Trekta lilikuwa la zamani, la petroli, la kuwashwa kwa kuzungushwa hendeli, na lilipofika mikononi mwake lilikuwa limekwisha kuchujuka rangi. Wanawe waliitwa Obadia na Lusungu. Waliishi juu kabisa milimani, kule ambako kipupwe kikiingia sakitu huanguka usiku, na alfajiri mashamba ya viazi huonekana meupe kana kwamba mtu amepita akimwaga chumvi.

Chuma chenyewe hakidhuriwi na baridi. Hatari ni maji yaliyomo ndani ya chuma. Mchana maji hayo huzunguka ndani ya injini na kuipoza isiungue. Usiku wa sakitu maji hayohayo huganda, hutanuka, hukosa pa kwenda, na chuma kinene hupasuka. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya kipupwe, baba huyo, Mzee Chaula, aliliandaa trekta lake. Alimwaga oili nzito akatia nyepesi. Alichuja petroli kwa kitambaa ili isibaki na maji. Plagi alizisugua, akazikausha jikoni kando ya moto, na mkewe alipolalamika kwamba chai inanuka petroli, alimwambia ashukuru, wengine hawana hata chai.

Lakini kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ya jioni, nayo ni kumwaga maji. Trekta lile lilikuwa na koki mbili. Moja ilikuwa mbele, chini ya rejeta, lile tangi la kupozea maji, na nyingine ubavuni mwa injini. Kufungua moja hakukutosha. Mzee akampa Obadia, mkubwa, koki ya mbele. Lusungu akampa koki ya ubavuni. Akawakataza kila mmoja asiguse koki ya mwenzake.

Mtu mmoja angeweza kuzifungua zote mbili kabla hajamaliza kupiga chafya, na mzee alilijua hilo. Majirani walicheka. Walisema, "Trekta la Chaula lina waganga wawili, huyu wa kichwa na yule wa tumbo." Hata hivyo kila jioni ya kipupwe ndugu wale walikutana bandani, wakafungua koki zao, wakasimama mikono makwapani kungoja tone la mwisho. Na kwa kuwa maji hutoka polepole, walizungumza.

Mzee alifariki wakati wa masika. Siku hiyo Lusungu alikuwa mbali, amesindikiza viazi vya familia mjini, na gari likakwama njiani. Siku ya mazishi alifika makaburini mbio, viatu mkononi, udongo umekwisha kuanza kutupwa. Obadia alikuwa hajalala wala hajala. Alimtazama mdogo wake, akasema mbele ya watu, "Mpisheni mgeni, amefika." Mmoja wa waombolezaji akacheka kidogo. Lusungu akachukua sepetu, akatupa udongo wake, akaondoka. Tangu siku hiyo hawakusemezana.

Kipupwe kikaja. Obadia aliliandaa trekta peke yake, kama alivyomwona baba yake akifanya. Jioni ya kwanza ya baridi alikwenda bandani akiwa na shaka. Banda lile lilikuwa katikati ya nyumba zao mbili, halina kuta, ni paa tu juu ya nguzo. Alipofika alikuta koki ya ubavuni imekwisha kufunguliwa, na udongo chini yake umelowa. Lusungu alikuwa amekuja mapema, akafanya kazi yake, akashuka kwake bondeni. Asubuhi Obadia alipoleta maji ya moto ya kutia, aliikuta koki ileile imefungwa vizuri.

Wakaishi hivyo. Hawakuonana, lakini kila jioni Obadia alikuta udongo umelowa pale ubavuni, naye alijua kuwa ile ni salamu. Zaidi ya mara moja alidhamiria kushuka bondeni aseme neno alilopaswa kulisema, nalo lilikuwa fupi tu. Lakini alilala nalo, na kila alipoamka alilikuta limekuwa gumu kuliko jana.

Ikafika jioni moja, anga nyeupe, haina wingu, dalili ya sakitu kali. Obadia alifika bandani akakuta pakavu.

Alisimama. Aliinama akagusa udongo kwa vidole, kuhakikisha. Aliinua kichwa akatazama njia ya bondeni. Hapakuwa na mtu. Kisha akanyoosha mkono kuelekea koki ya ubavuni, na mkono ulipokuwa karibu kuigusa akaurudisha. Alisema moyoni, Basi leo amechoka. Trekta likipasuka, kila mtu ataona ni nani aliyeitupa kazi ya baba. Akafungua koki yake ya mbele, akangoja tone la mwisho kama alivyofundishwa, akaenda kulala.

Asubuhi alikuta ubavu wa injini umepasuka, na barafu imechungulia kwenye ufa. Ni vigumu kulisema hili, lakini hakuhuzunika. Alihisi kama mtu aliyeshinda kesi. Akashika njia ya bondeni ambayo hakuwa ameikanyaga tangu msiba, akipanga maneno yake, na safari hii hayakuwa machache.

Sekela, mke wa Lusungu, alikuwa mlangoni na beseni la maji ya moto. Macho yake yalikuwa mekundu. Obadia alifungua kinywa aanze, naye akamtangulia.

"Umekuja, shemeji. Kichomi kimemwangusha tangu jana mchana. Nilitaka nitume mtu akuite, akanikatalia. Akaniambia, 'Usimwite. Kaka ataona pakavu, atakuja mwenyewe.'"

Obadia akampita pale mlangoni. Aliingia ndani. Mdogo wake alikuwa amelala kwa ubavu, anavuta pumzi fupifupi, midomo imegeuka rangi.

Hospitali ilikuwa ng'ambo ya vilima viwili. Katika utelezi wa kipupwe hakuna gari lililopanda njia ile. Wagonjwa wote wa kijiji walipelekwa kwa trekta lile. Jirani mmoja kati ya waliokusanyika alisema, "Obadia, kimbia ukaliwashe!" Obadia akatikisa kichwa, na ilimbidi aseme mbele ya wote kwa nini haliwaki. Hakuna aliyemlaumu. Walikata miti miwili, wakafunga blanketi, wakambeba. Obadia alishika mti wa mbele, akakataa kupokewa.

Kwenye kilima cha kwanza walipumzika. Hapo Obadia alipiga magoti matopeni, akasema lile neno lake, "Ndugu yangu, nilikukosea." Lilitoka bila shida yoyote. Lusungu alikuwa amefumbua macho, lakini kama alisikia, hakuna anayejua. Hawakukifikia kilima cha pili naye akiwa hai.

Trekta lile lingali bandani. Halina maji tena ya kuganda, wala hakuna wa kulitengeneza. Lakini wapita njia husema kwamba jioni za sakitu Obadia huja bandani akafungua koki ya mbele, kisha ya ubavuni, akasimama mikono makwapani, akangoja.

Tusiharakishe kumhukumu. Alikuwa mwana mwema. Kazi aliyopewa na baba yake hakuiacha hata siku moja. Lusungu naye angeweza kutuma mtu, lakini alitaka atafutwe pasipo kuita, na ni nani kati yetu asiyewahi kulitaka jambo hilo? Lakini ukitoka hapa utapita mahali ambapo kila siku unakuta udongo umelowa, na mtu wa kuulowesha humwoni. Siku utakayopakuta pakavu, utauliza kosa ni la nani, au utauliza yuko wapi?