Kinanda Kimoja, Bendi Tatu

Hapo zamani, wala si zamani za sungura na fisi, zamani za juzi tu, mji mmoja wa chuma kaskazini mwa Uingereza ulifunga viwanda vyake, vijana wakabaki na vyeti vya kupepea moto. Mmoja wao alikuwa Glenda, binti mwenye digrii na sauti. Maofisi hayakutaka digrii. Sauti hayakuiuliza.

Glenda alikuwa na marafiki wawili, majobless wenzake. Mervyn aliokota redio mbovu jalalani, akalehemu waya, akalehemu tena, mpaka akapata kinanda cha umeme kinacholia kama mbuzi aliyemeza king'ora. Clive hakujua kushika hata bisibisi, lakini kwa kidole kimoja alitunga wimbo ambao ukiusikia asubuhi, hadi usiku bado unakusumbua. Glenda akaimba. Wakajiita Chuma Baridi, na mji mzima ukacheza, mabibi na mikongojo yao!

Ila kinanda kilikuwa na ugonjwa: kikipata joto, sauti yake inapanda yenyewe. Ukumbi ukijaa jasho, kinanda kinapanda, na Glenda anapanda nacho, polepole, msikilizaji asing'amue. Clive na Mervyn nao hawakung'amua. Walidhani kinanda kimepona!

Basi televisheni ikawaita: Chuma Baridi, njooni Jumamosi. Vichwa vikavimba.

"Huu ni muziki wa mashine," Mervyn akasema. "Mwimbaji wa nini? Glenda, sorry, lakini—"

"Sorry mwenyewe!" Clive akadakia. "Na fundi wa nini? Wimbo ni wangu, full stop!"

Bendi ikapasuka papo hapo. Mervyn akakumbatia sanduku la kinanda. Clive akang'oa vibonyezo vya kinanda. Glenda akachomoa waya wa umeme, akajifunga kiunoni.

"Haya," akasema, "kapigeni kwa maombi!"

Jumamosi, mkuu wa kipindi akauliza, "Chuma Baridi ni nani?"

"Mimi!"

"Mimi!"

"Mimi!"

"Nimealika bendi, mmeniletea spea! Unganeni, tunaingia hewani!"

Wakaunga kinanda, huku wanatukanana. Taa za studio zilichoma kama jua la Lodwar. Kinanda kikapanda, Glenda akapanda. Kikapanda tena, akapanda tena, hadi akafika pahali ambapo koo lake halijawahi kukanyaga. Wapiga picha wakacheza dansi na kamera zao, nchi nzima ikaona dari! Simu zikaita mpaka zikakauka.

Mwenye kampuni ya rekodi akaja mbio. "Mkataba ninao. Lakini nyinyi mlishavunjika, na mimi sinunui ugomvi. Jina la Chuma Baridi atabaki nalo mmoja. Wengine waanze upya, kwa jina lisilojulikana hata na mama zao."

Glenda akayaona akilini maofisi yote yale, yakimngoja.

"Bila mimi mngepiga sufuria," Mervyn akasema. "Nililehemu mpaka nyusi zikaungua. Nyusi, bwana!"

"Bila mimi mngepiga kelele," Clive akasema. "Watu huko nje wanaimba nini sasa hivi, waya wako?"

"Bila mimi mngezomewa," Glenda akasema. "Kinanda hakijawahi kupona, wapenzi. Mimi ndiye ninayekifuata, siku zote, na nyinyi mnainama kupokea makofi."

Mervyn akasema kwa sauti ndogo, "Na kisingekuwa kigonjwa, ungeijua sauti uliyoitoa leo?"

"Na ulipanda ukiimba wimbo wa nani?" Clive akauliza.

Mervyn akashika sanduku. Clive akashika vibonyezo. Glenda akainama, akashika plagi, bado iko ukutani, bado ya moto.

Haya, nyinyi mnaocheka, na hasa nyinyi mliowahi kuambiwa nafasi imejaa: semeni haraka, kabla hajachomoa. Jina lile, nani alistahili?