Mguu wa Nyamvula na Figa la Mfalme

— Nitoe, nisitoe?
— Toa, tumeshakaa!
— Nikitoa, mtaidondosha?
— Tutaishika kwa mikono miwili!

Basi shikeni. Ngano hii aliitoa kwanza Bi Mwaka, jirani yake Nyamvula, mwaka ule wa nzige, watu wakipukuchua mahindi machache yaliyosalia. Inatolewa kama alivyoitoa. Chumvi haikuongezwa.

Hapo kale, katika nchi ya Mkongani, Nyamvula na kaka yake Chirunga walifiwa na mama. Na desturi mnaijua: mama akifa, mafiga yake matatu hayaguswi mpaka arobaini ipite. Kung'oa figa ni kumfukuza marehemu nyumbani kwake.

Jirani yao Mwakoi alikuwa akiutamani uwanja wa nyumba yao. Arobaini haijafika, huyo akaja. Chirunga alikuwa akilima kando ya jiko.

"Nyie bado mpo? Mama yenu alikuwa mpita njia tu hapa. Na ahame!"

Akalipiga teke figa. Likabiringika, likabiringika, likabiringika hadi miguuni pa Chirunga. Jembe lilikuwa mkononi. Jembe likaruka. Mwakoi akaanguka, asiinuke tena.

Jumbe wa kijiji akahukumu: "Aliyeua auawe."

Nyamvula akakata rufaa kwa Mfalme. Alitembea kutwa, mdomo ameufumba, maana sasa neno moja bovu lingemnyonga kaka yake.

Mfalme naye alikuwa matangani. Mama yake alikuwa amezikwa mwezi uleule. Akasikiliza kesi uani, karibu na jiko la mama yake, rungu mapajani.

"Haya binti, sema."

"Mfalme wetu, kaka yangu ameua. Sikatai. Lakini alichokozwa kwa maneno."

"Maneno ni upepo. Upepo haumwangushi mtu mzima."

"Alichokozwa kwa teke pia. Figa la mama lilipigwa teke."

"Figa ni jiwe. Mtu mzima haui kwa ajili ya jiwe."

"Hakupata hata nafasi ya kupoa, Mfalme. Hakukimbilia ndani kutafuta silaha."

"Mwenye akili hupoa papo hapo. Mimi nimetukanwa na maadui, sikuinua mkono."

Mzee mmoja wa baraza akamnong'oneza: "Mwanangu, nenda ukatafute sanda."

Mara tatu amesema, mara tatu amegonga mwamba. Nyinyi mngefanyaje? Mngelia? Nyamvula hakulia. Alisimama, akakaza leso yake, akaenda moja kwa moja kwenye jiko la Mama Mfalme. Akainua mguu juu ya figa.

"Na huyu naye ahame!"

Vuuu! Rungu likapaa. Likampata begani, akaanguka kando. Askari wakamrukia.

Nyamvula akasema palepale mavumbini: "Mfalme wangu, litazame figa. Mguu wangu umeligusa?"

Majivu yalikuwa yametulia kama yalivyoachwa na marehemu.

"Haukuligusa," akasema Mfalme, pumzi juu.

"Basi Chirunga alingoja teke lipigwe. Wewe hukungoja."

Mfalme aliutazama mkono wake mtupu kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Na lingekupata kichwani?"

"Ningekuwa Mwakoi."

"Na mimi?"

"Ungekuwa Chirunga."

Hakuna aliyecheka. Hata yule mzee wa sanda aliinamisha macho.

"Mwachilieni," akasema Mfalme. "Hasira hasara, na hasara hii nusura iwe yangu. Chirunga hatanyongwa. Lakini damu haifutwi kwa ulimi. Atamlimia mama yake Mwakoi mpaka mmoja wao aage dunia."

"Hilo tutalibeba," akasema Nyamvula.

Akarudi kwao bega limevimba, kichwa juu. Figa la mama yake akalirudisha mahali pake mwenyewe.

Nimetoa, mmeshika. Atakayemtolea mwenziwe asipunguze.

Mwakoi hayupo. Mama yake alikufa akiwa ameshiba mahindi ya Chirunga. Chirunga akamfuata, na Mfalme naye. Aliye hai ni Nyamvula. Ndiye huyo mwenye bega lililoinama, na chai mnayokunywa ameichemsha juu ya mafiga yale yale.