Kaa la Kabula

"Ukizima moto wa mtemi, tunza kaa." Mliisikia jana mkutanoni, mkapiga makofi bila kujua mnachopigia, leo mmenijia. Haya, kaeni, wajukuu zangu. Wewe mwenye viatu vyeupe, angalia majivu. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na nchi ya vilima vya mawe, ambako ukungu ulishuka mpaka ng'ombe wakaonekana kama wanaelea. Mtemi wa huko alikataza watu kupekecha moto kwa vijiti. Kila mwezi ulipoandama, mafiga yote yalizimwa, na moto mpya ulitoka uani kwake, kwa mbuzi mmoja. Asiye na mbuzi alilamba unga mbichi. Miaka ikapita, hata waliojua kupekecha wakafa na ujuzi wao.

Vijana wakasema basi. Walioongoza ni Shija na rafiki yake Nkwabi. Shija alimwacha nyumbani mtoto wake wa siku nne, pamoja na Kabula, bibi wa mtoto huyo. Wakavunja lango la mtemi alfajiri mwezi ulipoandama, mafiga yote yakiwa yamezimwa. Mtemi akakimbia na nguo moja. Mimi sikuwapo, lakini nasikia hata hiyo moja ilikuwa ya mkewe. Shija akaanguka palepale langoni, mkuki kifuani.

Kabula alipokuja kumchukua mwanawe, alikuta watu wanacheza, wanaumwagia moto wa mtemi maji.

"Mwageni! Isibaki hata cheche!" alipiga kelele Nkwabi.

Kabula akainama na kigae, akachota kaa moja na majivu yake.

"Mama, kumbe bado unampenda mtemi!" wakamcheka.

"Nampenda mjukuu wangu. Usiku ana baridi."

Mvua ikanyesha siku tatu. Nchi ikawa huru, ikawa na baridi. Nyimbo zikafifia, watu wakatembea ukunguni kama waotao ndoto, wakiulizana nani ana moto. Moshi ulipanda kwa Kabula tu.

Nkwabi akaja, ametota.

"Hodi, mama. Naomba moto."

"Moto gani tena? Si mliuzima?"

"Tulikosea, mama. Nipe nikauwashe kule uani. Nitaulinda mwenyewe."

"Kwa mbuzi wangapi?"

Nkwabi akatazama vidole vyake vya miguu.

"Mwanangu, Shija hakulala pale langoni ili moto ubadilishe mlinzi. Waite wote. Kila mtu na kigae chake."

Wakaja, wakagawiwa bure. Jioni kila kilima kilikuwa na moshi wake. Kabula akasonga ugali, akapakua kama alivyozoea, na bakuli la Shija akalijaza. Likapoa palepale jikoni, hakuna aliyeligusa.

Mtoto yule alipona baridi, akaja kumzaa mama yangu. Ndiyo maana miguu yangu haipoi. Ya marehemu mume wangu ndiyo ilikuwa mawe matupu!

Basi mkirudi mkutanoni, pigeni makofi kwa mkono mmoja. Wa pili ushike kigae. Ukizima moto wa mtemi, tunza kaa.