Mchele wa Wageni wa Kivuleni

Palikuwa na Sultani mmoja, Fadhili wa Mkondoni, mtu wa tumbo na tasbihi, aliyekalia mlango wa bahari mwembamba. Chombo chochote kiendacho mji wa Kivuleni sharti kipite mbele ya pua yake. Na masultani wote wa pwani walikuwa wametia muhuri mkataba mmoja: wakati wa amani mlango uwe wazi kwa kila chombo; wakati wa vita ufungwe, asipite mwenye mchele wala mwenye mizinga. Atakayeuvunja, bandari zote zimfungie.

Haya. Mfalme wa Nyika akauzingira mji wa Kivuleni, huku askari, huku merikebu. Watu ndani wakafikia kuchemsha ngozi za viatu. Na Sultani wetu, jamani, alifanya nini? Merikebu za Mfalme zikija, anafungua. Mchele ukija, anafunga. Ukimwuliza, anakutajia mkataba, macho makavu! Balozi wa Mfalme, Bwana Jabu, naye kila siku yuko sokoni anatangaza kwamba Kivuleni hakuna vita, wao ni wageni tu.

Basi akaja Bi Mize, muuza vitumbua, ulimi wake wembe. Alikuwa na chombo cha mchele, wamechanga wanawake wa mtaa mzima, kibaba kwa kibaba. Bintiye Somoe alikuwa kule Kivuleni, amejifungua juzi, na maziwa hayatoki kwa njaa. Sultani akatoa amri: chombo kirudi, mchele ubaki, jikoni kwake kuna karamu ya Balozi. Ebo! Mtu hana haya!

Bi Mize akaingia barazani. Wazee wamekaa, manahodha wa bandari nyingine wamekaa, Balozi yuko ubavuni kwa Sultani anakula halua.

"Shikamoo, Mtukufu Sultani."

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"Kulia nimelia nyumbani, nimemaliza. Nimekuja kuuliza. Mlango umefungwa kwa nini?"

"Mkataba, bibi. Kukiwa na vita hapiti mtu."

"Na zile merikebu za mizinga zilizopita asubuhi?"

Sultani akashikwa na kikohozi. Manahodha wakatega masikio, maana neno lile lingefika bandarini kwao kabla ya adhuhuri. Balozi akaona mambo yanaharibika, akadakia.

"Bibi, hakuna vita. Bwana wangu amekwenda kuwatembelea majirani. Sisi ni wageni."

"Wageni na mizinga?"

"Kila mgeni na zawadi yake."

Baraza likacheka. Bi Mize naye akacheka, tena sana, mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha akamgeukia Sultani.

"Mtukufu, nimechanganyikiwa mie. Ni vita au ni wageni? Kama ni vita, na merikebu za Mfalme zirudi. Kama ni wageni, nipishe."

Maskini Sultani! Akisema vita, Mfalme atamgeukia yeye. Akisema wageni, pilau imempita. Akamtazama Balozi, Balozi akamkazia macho.

"Ni... wageni," akasema.

"Alhamdulillahi! Basi ni amani, mlango u wazi."

Balozi akaruka, halua mkononi. "Ngoja! Mchele wa nini? Wenyeji wetu hawajaomba kitu!"

"Ala! Baba, kwenu hamna majirani? Kwetu nyumba ikipata wageni, jirani hupitisha mchele mlango wa nyuma bila kuombwa, mwenye nyumba asifedheheke. Wale wana jeshi zima la wageni uani! Unataka waaibike?"

Mzee mmoja akapiga paja kwa kicheko. Hata Sultani mdomo ulimcheza, akajizuia. Alikuwa keshainua mkono kusema apite, mara mlinzi akaingia mbio kutoka bandarini.

"Mtukufu, tumepekua chombo. Chini ya magunia kuna vyuma! Vimefungwa mafungumafungu!"

Balozi uso ukamng'aa. "Silaha! Sikusema mimi?"

Sultani akakaa sawasawa, pilau imemrudia. "Bibi we, hapa hakuna utani tena. Vyuma hivyo vikiwa silaha, mchele wote ni wangu, na wewe utalala gerezani. Ni nini?"

Bi Mize akamkumbuka Somoe. Lakini uso wake haukubadilika. Akamgeukia Balozi kwa adabu, kama mama anayemkaribisha mkwe.

"Majembe, baba. Ni yenu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na nyinyi huu msimu wa pili, hamjapanda hata mchicha."